Kitundu kidogo kinajuaje nani amepita?



Mara nyingi mutu akisikia neno «nanoteknolojia» anafikiri ni mambo ya watu wa mbali, yenye mashine za bei kali. Kwa sehemu ni kweli. Lakini ndani ya ile kazi kuna kipande kimoja chenye kinasimama juu ya kemia ya kawaida, ile tuliandika kwa ubao tangu sekondari: asidi na bezi, chaji, vifungo kati ya atomu, nani anashika nani na kwa muda gani. Kile kipande njo nataka kueleza leo: namna wanakemia wanabadilisha ukuta wa ndani wa kitundu kidogo sana, mpaka kitundu kinaweza kutambua molekuli moja moja yenye inapita. Mwishoni nitasema kwa nini naona mambo hii inatuhusu sisi wa hapa, juu iko na uhusiano na maji ya mito yetu.

Mimi nilisoma kemia, leo nafundisha ku sekondari, na jioni nasaidiaka ma-étudiant wachache ku kazi zao za mwisho. Maswali mengi yenye nitajibu hapa yanatoka kwao.

Tuanze na kitundu kitupu

Chukua chombo cha maji ya chumvi. Weka ukuta katikati, ukuta wenye haupitishe maji. Toboa kitundu kimoja tu. Kisha tia nyaya mbili, moja kila upande, na umeme kidogo. Ayoni za chumvi zinaanza kupita ku kitundu: zenye chaji chanya zinaenda upande moja, zenye chaji hasi zinaenda upande mwingine. Ule mwendo wa ayoni ni mkondo wa umeme, na unaweza kuupima.

Sasa tia ndani ya maji kitu chenye kinaweza kuingia ku kitundu. Kikiingia, kinaziba njia kwa sehemu. Mkondo unashuka. Kikitoka, mkondo unapanda tena. Kila mshuko ni kitu kimoja chenye kimepita.

Wazo hii ni ya zamani. Wallace Coulter, wa Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1953 kwa mashine ya kuhesabu chembe za damu kwa njia hii hii. Mpaka leo mashine nyingi zenye zinahesabu damu ku hospitali zinatumia kanuni ya Coulter. Lakini kitundu chake kilikuwa kikubwa, cha kupima chembe nzima. Kama unataka kuona molekuli, unahitaji kitundu cha ukubwa wa molekuli: nanometa 1, 2, pengine 10. Unywele wa kichwa chako uko na upana wa nanometa 80 000 hivi. Fanya hesabu wewe mwenyewe.

Kitundu cha ule udogo kilipatikana ku bakteria. Staphylococcus aureus, ile yenye inaletaka majipu, inatoa protini inaitwa alfa-hemolisini. Vipande 7 vya ile protini vinakutana juu ya ngozi ya chembe ya damu, vinafanya duara, vinatoboa. Kwa mgonjwa ni sumu. Kwa mwanakemia ni bomba ndogo, yenye urefu wa nanometa 10 hivi, na pale ni pembamba zaidi iko na nanometa 1,4. Na vitundu vyote vinafanana, kila moja sawasawa na mwenzake, atomu kwa atomu. Hakuna fundi wa chuma mwenye anaweza kutoboa vile.

Mwaka 1996 John Kasianowicz, Eric Brandin, Daniel Branton na David Deamer walionyesha kwamba uzi moja wa ADN ao wa ARN unaweza kuvutwa kupita ndani ya alfa-hemolisini, na mkondo unashuka wakati inapita. Kwa volti 0,1 na maji ya chumvi nyingi, mkondo wa kile kitundu ni pikoampea 100 hivi. Unaona kama ni kidogo sana, lakini ni ayoni zaidi ya milioni 600 kwa sekunde. Njo maana molekuli moja peke yake inaweza kuonekana: inasimamisha mamilioni ya ayoni.

Shida ya kitundu kitupu

Mwenye amepita Petite Barrière ya Goma asubuhi anajua vile watu wanapitaka pale kwa miguu, kwa maelfu. Tuseme umesimama mbali, unaona vivuli tu vyenye vinapita ku mlango. Unaweza kuhesabu. Unaweza kusema: huyu ni munene, huyu ni mwembamba, huyu amebeba kitu ku kichwa. Lakini nani ni nani? Haujue. Watu wawili wenye kimo sawa watakuwa kivuli kimoja.

Kitundu kitupu kiko na shida ile ile. Kinapima ukubwa na mwendo. Molekuli mbili zenye ukubwa karibu sawa zinatoa mshuko karibu sawa. Tena, molekuli ndogo zinapita mbio sana. Ndani ya alfa-hemolisini yenye haijabadilishwa, herufi moja ya ADN inapita kwa mikrosekunde chache. Chombo cha kupima mkondo kinapata shida kuona vizuri kitu chenye kimekaa chini ya sekunde 1 gawanya kwa 10 000. Kitu kinapita kabla hakijaonekana.

Sasa rudisha macho pale ku mlango, na uongeze kitu kimoja: ndani ya mlango weka mutu mwenye anajua mama Furaha. Wengine wote wanapita bila kusimama. Mama Furaha akifika, anasimama, wanasalimiana, kisha anaendelea. Wewe wa mbali hauoni uso, lakini unaona kivuli kimoja kimekawia. Ukijua kwamba yule wa mlango anasimamisha mama Furaha peke yake, umeshamutambua.

Kubadilisha ukuta wa kitundu ni kuweka yule mutu ndani ya mlango. Kitundu kinatoa umeme wa kupima, kemia inatoa ujuzi wa kutambua.

Kumuweka wapi, na kwa kamba gani?

Étudiant moja aliniuliza: «Mukubwa, kitundu cha nanometa 1, utaingiza mkono aje kuweka kitu ndani?» Swali ni nzuri. Hakuna mkono. Unaweka anwani, kisha unaacha molekuli itafute anwani yenyewe.

Ku protini, anwani yenye inatumiwa sana inaitwa sisteini. Ni amino-asidi yenye iko na kikundi cha salfa na hidrojeni, SH, chenye kinaitwa tioli. Alfa-hemolisini ya asili haina ata sisteini moja. Hii ni bahati kubwa: ukibadilisha jeni na kuweka sisteini moja mahali unataka, pale tu njo patakuwa na tioli. Kisha unaleta molekuli yenye iko na kikundi chenye kinapenda tioli, kwa mfano maleimidi, nayo inajifunga pale na si mahali pengine. Ni sawa vile barua yenye anwani moja tu ku mji wote.

Kundi la Hagan Bayley, leo ya Oxford, lilifanya kazi nyingi kwa njia hii. Nichukue mifano minne.

Mfano wa kwanza, mwaka 1997: waliweka histidini ndani ya kitundu. Histidini inashikaka ayoni za metali. Zinki ikifika inashikwa, mkondo unabadilika, kisha inaachiliwa. Kitundu kimoja kikawa kipimo cha zinki.

Wa pili, mwaka 1999: walitia ndani ya kitundu pete ya sukari inaitwa beta-siklodekstrini. Hii pete inatengenezwa kutoka ku wanga, ule wanga wenye uko ku mihogo na mahindi, na iko na glukozi 7. Nje inapenda maji, ndani inapenda mafuta. Molekuli ndogo yenye haipende maji inaingia ku shimo la pete, inapumzika, inatoka. Bila pete, ile molekuli ingepita bila kuonekana. Pete inafanya kazi ya adapta, sawa vile ile unawekaka ku prise wakati fiche haiingie.

Wa tatu, mwaka 2001: Stefan Howorka na wenzake walifunga uzi mfupi wa ADN ku sisteini moja ndani ya kitundu. Uzi mwingine wenye herufi zinalingana ukifika, unashikana nao kwa muda. Herufi moja tu ikiwa mbaya, unaachilia mapema. Kitundu kikaweza kutofautisha nyuzi zenye zinatofautiana kwa herufi moja.

Wa ine, mwaka 2009: pete ya siklodekstrini yenyewe ilifungwa kwa kifungo cha kovalenti ndani ya kitundu, ili isitoke tena. Kwa ile pete, kitundu kiliweza kutambua herufi ine za ADN zikija moja moja.

Angalia mifano yote: bomba ni ile ile moja. Chenye kinabadilika ni nani amewekwa ndani.

Namba mbili za kukumbuka

Hapa njo pale napenda zaidi, juu hesabu ni rahisi na inasema mengi.

Ukiangalia karatasi ya mkondo, unaona mishuko. Pima kwanza: kati ya mshuko moja na wenye unafuata, kunapita muda gani? Kama molekuli ni nyingi ku maji, zinafika mara kwa mara, muda wa kungoja ni mfupi. Kama ni chache, unangoja sana. Ukiongeza molekuli mara mbili, mishuko kwa dakika inakuwa mara mbili. Kwa hiyo muda wa kungoja unakupa wingi.

Pima tena: kila mshuko unadumu muda gani? Huu muda hautegemei molekuli ni ngapi ku maji. Unategemea nguvu ya kifungo kati ya molekuli na yule mwenye tuliweka ndani. Kwa hiyo muda wa kukaa, pamoja na kina cha mshuko, vinakupa jina.

Wingi kwa upande moja, jina kwa upande mwingine, kwa karatasi moja. Ku njia nyingi za kawaida za labo, rangi ikibadilika unajua kuna kitu, lakini mara nyingi unahitaji kipimo kingine kuthibitisha ni kitu gani. Hapa molekuli inajitaja kwa namna inakaa.

Kwa wenye wanafanya statistiki: mshuko moja hautoshi. Muda wa kukaa unabadilika kila mara, moja fupi, moja ndefu. Unahitaji mishuko mia, pengine elfu, kisha unachora usambazaji. Njo pale mutu wa hesabu na mutu wa informatique wanapata kazi ndani ya hii mambo, si mwanakemia peke yake.

Urafiki wenye nguvu sana unaharibu kipimo

Sasa watu wengi wanafikiri: basi tuweke ndani ya kitundu kitu chenye kinashika kwa nguvu zote! Hapana.

Rudi ku mlango wetu. Kama yule wa mlango anashika mama Furaha na hamuachilie mpaka jioni, utaona kivuli moja kimesimama, na basi. Wa pili akifika, hautajua. Mlango umezibwa. Umepata alarme ya mara moja, haukupata kipimo. Na kama anamuachilia haraka sana, hautaona kama amesimama. Kifungo kizuri ni cha katikati: kikae vya kutosha chombo kikione, kisha kiachilie ili kingine kije.

Mfano wa karibu na sisi ni mercure, yenye Kiswahili sanifu kinaita zebaki. Tioli na mercure vinapendana sana. Jina la zamani la tioli, mercaptan, lilitolewa ku karne ya 19 na mwanakemia wa Denmark, William Zeise, kutoka maneno ya Kilatini yenye maana yake «mushika-mercure». Ukiweka tioli ndani ya kitundu ukitafuta mercure, inaweza kushika na kukawia kuachilia. Kwa arseniki mambo iko nzuri zaidi: mwaka 2002 kundi la Bayley lilionyesha molekuli zenye arseniki zikishika sisteini ndani ya kitundu na kuiachilia, moja moja, mbele ya macho.

Kwa mercure watu walitafuta mlango mwingine. Herufi T ya ADN iko na tabia ya ajabu: T mbili zinashika ayoni moja ya mercure katikati yao, T, mercure, T, na metali nyingine nyingi haziwezi kuingia pale. Mwaka 2011 watafiti walitumia ile tabia pamoja na kitundu cha alfa-hemolisini kutambua mercure. Pale ADN ilikuwa ndani ya maji, haikufungwa ku ukuta, lakini fikra ni ile ile: tafuta rafiki mwenye anachagua.

Na vitundu vya vitu vigumu

Protini iko na uzuri wake, lakini inakaa ndani ya utando mwembamba wa mafuta, wenye unaweza kupasuka ukitikiswa. Njo maana wengine wanatoboa vitu vigumu. Mwaka 2001 kundi la Jene Golovchenko, ku Harvard, lilionyesha namna ya kutengeneza kitundu cha nano ndani ya utando wa nitridi ya silisiamu kwa miale ya ayoni. Kisha wengine walitumia miale ya elektroni. Kitu kigumu kinavumilia joto, asidi, safari. Lakini ukuta wake uko mtupu na mchafu kwa maana ya kemia: unabeba chaji hasi kwa maji ya kawaida, na protini zinanata ku ukuta mpaka kitundu kinazibwa.

Hapa tena kemia inaingia. Juu ya ile nitridi kuna safu nyembamba ya oksidi yenye vikundi vya OH. Ukileta silani, molekuli yenye inashikana na OH kwa mguu moja na kwa mkono mwingine imebeba kikundi unataka, ukuta wote unavaa nguo mpya. Mwaka 2007 Meni Wanunu na Amit Meller walieleza namna ya kuvalisha vitundu vya nanometa 10, na ata vya nanometa 5 kwa kusukuma silani kwa umeme. Wakiweka silani yenye amini, chaji ya ukuta inabadilika kufuatana na pH, na mkondo pia unabadilika. Ni asidi na bezi ya mwaka wa kwanza, ndani ya kitundu.

Utajua aje kama nguo imevaliwa? Pima mkondo. Tuseme kitundu ni bomba ya nanometa 10, na nguo iko na unene wa nanometa 1 kila upande. Upana unabaki 8. Mkondo unafuata eneo, kwa hiyo unabaki 64 kwa mia ya ule wa mwanzo. Kipimo chenyewe kinakuambia kama kazi imefanikiwa.

Mwaka 2011 kundi la Michael Mayer, wakati ule ku Michigan, walichukua fikra ku mdudu. Nondo wa hariri anasikia harufu ya mwenzake kupitia vitundu vidogo vya pembe zake, na vile vitundu vimepakwa mafuta yenye yanakamata harufu na kuiongoza ndani. Wale watafiti walipaka kitundu cha nitridi utando wa mafuta wenye unatembea kama maji. Protini zikaacha kunata. Wakatia ndani ya mafuta molekuli zenye zinashika protini fulani, na ile protini ikapita polepole, vizuri kwa kupimwa.

Njia nyingine inatumia plastiki PET, ile ile ya chupa za maji. Ayoni nzito moja kutoka ku akseleratore inapita ndani ya plastiki na kuacha alama. Kisha soude caustique, ile yenye mama zetu wanapikia sabuni, inakula ile alama na kufungua kitundu. Soude inaacha ku ukuta vikundi vya asidi ya kaboksili, na ku vile vikundi unafunga amini yenye unataka. Akseleratore hatuna. Lakini hatua zingine zote ni kemia ya bocal na pipette.

Neno moja kuhusu chumvi

Ma-étudiant wanasahauka jambo hili. Chaji ya ukuta inasikika ndani ya maji mpaka umbali fulani, na chumvi inaufupisha. Ku chumvi ya mol 1 kwa lita, ni nanometa 0,3 hivi. Ku chumvi ya mol 0,001 kwa lita, ni nanometa 10 hivi. Kwa hiyo kitundu kile kile, ukuta ule ule, kinaweza kuwa kipofu kwa chaji ku maji ya chumvi nyingi, na kuamka ku maji ya chumvi kidogo. Lakini ukipunguza chumvi, mkondo nao unapungua na kupima kunakuwa kugumu. Kila mara unachagua.

Na chumvi gani? Karibu wote wanatumia KCl. Lakini kloridi inapenda mercure sana, inaizunguka na kuificha. Ukitafuta mercure ndani ya KCl, unashindana na chumvi yako mwenyewe. Njo maana mwanakemia anafikiria nitrati. Mambo kama hii haionekane ku mashine, inaonekana ku akili ya mutu mwenye amesoma.

Inatuhusu nini?

Kwanza, vitundu hivi vimeshafika ku Afrika. Kampuni Oxford Nanopore, yenye ilianzishwa mwaka 2005, ilianza kutoa mwaka 2014 chombo cha kusoma ADN chenye kinaingia ku mfuko, MinION. Ndani yake kuna protini zenye zimebadilishwa, na enzimu yenye inashika ADN ili ipite polepole. Mwaka 2015 watafiti walibeba vile vyombo Guinée wakati wa Ebola, na waliweza kupata matokeo chini ya saa 24 kisha kupokea sampuli.

Sisi tunajua umuhimu wa kusoma virusi haraka. Mpox yenye ilianza kuonekana Kamituga, Sud-Kivu, mwaka 2023, ilitambuliwa kuwa ya tawi jipya, Ib, juu watu walisoma ADN yake. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ilitangaza hatari ya dunia nzima.

Kamituga ni mji wa dhahabu pia. Na pale kuna dhahabu ya kuchimba kwa mikono, mara nyingi kuna mercure: inachanganywa na mchanga, inashika dhahabu, kisha inachomwa. Moshi unaingia ku mapafu, na yenye inamwagika inaenda ku mto. OMS inasema maji ya kunywa yasipite mikrogramu 6 za mercure kwa lita. Gawanya kwa uzito wa atomu, 200 hivi: unapata nanomol 30 kwa lita. Jicho haliwezi kuona ile, ulimi haiwezi kuonja. Kuipima leo unahitaji mashine kubwa, gesi, umeme wenye haukatike, na mara nyingi sampuli inapanda ndege. Jibu likirudi, watu wameshakunywa.

Sitaki kumudanganya mutu. Kitundu cha nano chenye kinapima mercure ku mto wa Sud-Kivu, chenye mama anaweza kushika mkononi, sijakiona. Maji ya mto yana udongo wenye unaziba kitundu. Tena mercure yenye iko ku samaki ni metili-mercure, na kitundu chenye kinatambua ayoni ya kawaida hakitaiona. Vitundu vya kitu kigumu havifanane kila mara, na kila nguo mpya inahitaji kupimwa upya. Hizi ni kazi zenye bado ziko mbele.

Lakini angalia vizuri ni kazi za aina gani. Kuchagua rafiki wa molekuli, wa nguvu ya katikati. Kuchagua chumvi. Kusafisha sampuli. Kusoma muda wa kungoja na muda wa kukaa. Sehemu kubwa ya hii inaombwa kwa kichwa na kwa mikono. Na mutu mwenye anajua mto wetu uko na udongo gani, wachimbaji wanamwaga nini na siku gani, ni mutu wa hapa. Tukingoja wengine watuletee chombo kimeshafungwa, watakifunga kwa maswali yao, na siye tutabaki kusoma namba ku ekran.

Mutu anaweza kuanzia wapi

Kwa mwenye anatafuta sujet, naona njia tatu zenye haziombe mashine ya kutoboa.

Ya kwanza: uso wa kioo. Kipande cha kioo cha mikroskopu kiko na vikundi vya OH sawa vile kitundu. Kipake silani, kisha tia tone la maji juu na upige picha kwa telefone kutoka upande. Tone likisimama ao likilala, linakuambia uso umebadilika. Onyo moja: vitabu vinasema kusafisha kioo kwa mchanganyiko wa asidi salfuriki na maji ya oksijeni. Ule mchanganyiko unachoma na unaweza kulipuka ukikutana na kitu cha organiki. Usiufanye bila mutu mwenye uzoefu na hoti ya hewa. Sabuni, alkooli na subira vinatosha kwa kuanza.

Ya pili: kifungo. Soma namna T inashika mercure, ao namna siklodekstrini inashika dawa, kwa spektrofotometre ya kawaida. Yenye utajua ku bocal njo itatumika ku kitundu.

Ya tatu: data. Andika programu ndogo yenye inatengeneza mkondo wa kubuni wenye mishuko, ficha ndani yake muda wa kukaa, kisha jaribu kuupata. Kompyuta ya kawaida inatosha, na umeme ukikatika unaendelea kesho.

Kitundu peke yake kinahesabu vivuli. Mwenye anakipa macho ni mwanakemia, na macho anayapa kwa kuchagua nani akae ndani na ashike kwa muda gani. Wewe mwenye uko na karatasi ya kemia ku kabati, ukifikiri ilikuwa ya bure, ifungue tena ku sura ya vifungo na ya chaji. Chagua molekuli moja yenye inasumbua mtaa wako, kisha ujiulize: rafiki yake ni nani, na anamushika kwa muda gani? Mwenye atapata jibu, alilete hapa tulisome pamoja.